Jino Lililozibwa Huoza Tena: Maswali Kuhusu Soda na Vijazo vya Meno

Kijazo cha jino ni nini?

Ni kitu kinachotiwa katika tundu la jino baada ya sehemu iliyooza kuondolewa. Kinaweza kuwa kompoziti yenye rangi ya jino, simenti ya glasi ayonoma, au, hasa kwa waliozibwa zamani, amalgamu yenye rangi ya fedha.

Soda inakidhuru vipi?

Kola ina pH (kipimo cha asidi: kadiri kinavyoshuka, ndivyo asidi inavyokuwa kali) inayokaribia 2.5, ilhali enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya takriban 5.5. Katika vijazo, simenti ndiyo huliwa zaidi na asidi. Kompoziti hulainika juu, ikaparuza na kushika madoa. Amalgamu hustahimili zaidi. Hata hivyo, mahali pa kuhofia zaidi ni ukingoni, pale kijazo kinapokutana na jino, kwa sababu jino likimong'onyoka hapo hubaki mwanya usioonekana kwenye kioo cha nyumbani, bakteria na sukari wakapenya, na uozo mpya ukaanza chini ya kijazo.

Jino langu limeshazibwa. Je, si limepona moja kwa moja?

Hapana. Jino lililozibwa huoza tena. Wagonjwa hutuambia sisi tunaotibu meno, kwa uhakika kabisa, kwamba jino hilo "lilishamalizwa", na tunapolifungua tunakuta limebaki ganda tupu.

Nikinywa soda isiyo na sukari?

Asidi imo vilevile.

Chupa moja kwa siku ina ubaya gani?

Inategemea unavyoinywa. Mate huizimua asidi, lakini huhitaji muda wa nusu saa hivi, na kila funda jipya huanzisha hesabu upya. Muuzaji wa soko la Kongowea, Mombasa, anayeiweka chupa kando ya meza na kuionja tangu asubuhi hadi alasiri kwa sababu ya joto, huyaweka meno yake katika asidi mchana kutwa. Anayefungua saumu kwa soda baridi naye huimimina katika kinywa kikavu, chenye mate machache ya kumkinga. Maji yapo, na madafu yapo. Ukitaka soda, inywe pamoja na chakula, uimalize, kisha usukutue kwa maji.

Nipige mswaki papo hapo baada ya soda?

Usifanye hivyo. Enameli iliyolainishwa na asidi husuguliwa ikatoka. Subiri angalau nusu saa.

Jino haliumi. Naweza kungoja?

Hapana, na tafadhali lishike hili: usingoje maumivu. Uozo ulio chini ya kijazo huweza kwenda kimya mpaka ufike kwenye neva, na hapo kuziba upya peke yake hakutoshi tena. Hubaki matibabu ya mzizi au kung'oa. Njoo unapohisi ukingo mkali kwa ulimi, chakula kikikwama mahali pale pale, au maji baridi yakichoma.

Lakini karafuu hunituliza.

Karafuu hutuliza maumivu, haiondoi uozo. Kuweka aspirini kwenye ufizi ni kosa kubwa zaidi, kwani huunguza nyama ya kinywa. Shavu likivimba, tafuta daktari wa meno siku hiyo hiyo. Ukishindwa kumeza, kupanua kinywa au kupumua vizuri, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.