Mbwa Wako Akitangazwa Kuwa Hatari

Kibao cha "Mbwa mkali" kilichotundikwa getini hakimwondolei mwenye mbwa dhima. Kwenye miji mingi yenye sheria ndogo za kudhibiti mbwa, kibao ni sharti mojawapo tu. Mbwa akitoka akamng'ata mpita njia, anayeulizwa ni mwenye mbwa.

Sheria hizi huenda kwa njia mbili. Zipo zinazotazama aina ya mbwa: Uingereza ilipiga marufuku aina kadhaa mwaka 1991, pit bull terrier ikiwemo, na tangu Februari 2024 ni kosa England na Wales kumiliki XL Bully bila cheti maalumu. Nyingine hutazama mwenendo: je, mbwa huyu ameng'ata mtu, ameua mnyama wa jirani, au huwakimbiza watu bila kuchokozwa? Kama daktari wa wanyama, naunga mkono njia hii ya pili. Mbwa wa aina yoyote anaweza kung'ata, na yule anayeshinda kwenye mnyororo, asiyezoeshwa watu tangu udogoni, ndiye wa kuogopwa zaidi. Mwaka 2008 Uholanzi iliamua kuiondoa marufuku yake ya pit bull kwa kuwa haikupunguza ung'ataji.

Mbwa akishatangazwa hatari, kwa kawaida hutakiwa kusajiliwa, kuchanjwa na kukaa ndani ya uzio asioweza kuuruka wala kuchimba chini yake. Akitoka, ashikwe kwa kamba fupi na mtu mzima anayemmudu, tena awe amefungwa mdomo. Hapa wengi hukosea. Kifungio kinachobana mdomo kabisa humzuia kuhema, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mnunulie cha umbo la kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, na umzoeshe nyumbani kidogo kidogo kabla ya kumtoa.

Na akishang'ata? Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha majeruhi awahishwe hospitali hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mgonjwa hufa, lakini chanjo ikitolewa mapema humwokoa.

Nawasihi sana: msimuue mbwa huyo kwa hasira wala msimfiche. Akiwa hai na mzima, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo bila dalili, tunajua hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyong'ata. Akipigwa kichwani akafa, ubongo unaohitajika kwa kipimo unaweza kuharibika, na aliyeng'atwa anabaki na hofu.

Kumpeleka kwa ndugu mji mwingine nako si suluhisho. Sheria nyingi humtaka mwenye mbwa aitaarifu mamlaka kabla ya kumhamisha, na anayempokea aelezwe wazi kwamba mbwa huyo amewahi kumng'ata mtu.