Condor A580: pikipiki ya jeshi la Uswisi isiyo na cheni

Condor A580 ni pikipiki iliyotengenezewa jeshi la Uswisi na kiwanda cha Condor, kijijini Courfaivre, katika milima ya Jura. Kiwanda hicho kilianza na baiskeli mwaka 1893, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikaingia kwenye pikipiki. Namba 580 ni ukubwa wa injini: karibu cc 580.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uswisi haikupigana, ila majeshi ya wengine yaliizunguka, na Jenerali Henri Guisan akalipanga jeshi lake kuilinda milima ya Alps. Milimani namna hiyo mpeleka ujumbe ni mtu muhimu, na chombo chake hakitakiwi kumwacha njiani. A580 ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1940, vita vikiwa vimekwisha, lakini ukiikagua unaona haja hiyo hiyo.

Simama mbele yake. Silinda mbili zimelala, moja kushoto na nyingine kulia, zote zikipigwa na upepo wa barabarani, na huo ndio unaozipoza. Pistoni zake hutoka pamoja na kurudi pamoja, kila moja upande wake, kwa hiyo mtikisiko wa huku unauawa na wa kule. Uzito nao unakaa chini, jambo analolishukuru dereva anapokata kona kwenye theluji.

Kwenye ncha ya nje ya silinda hakuna mashine ya vali. Vali, yaani milango midogo ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli na kutoa moshi, zimewekwa ubavuni, na hedi yenyewe ni kama mfuniko wa sufuria: fundi akifungua boliti zake anaiondoa, anakwangua masizi, anairudisha. Mpangilio huu una gharama yake. Chumba cha kuunguzia mafuta kinakuwa kipana, mgandamizo wa mchanganyiko huo unakuwa mdogo, na nguvu inapungua. Mshindani wa mbio angeikataa injini hii. Jeshi liliitaka, kwa sababu mgandamizo mdogo unavumilia hata petroli hafifu, na vipuri vichache maana yake ni vichache vya kuharibika. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara kabisa.

Sasa pita nyuma, ambako ndiko kwenye uzuri hasa. Kila aliyepanda bodaboda anajua cheni inavyolegea, inavyokula vumbi na kudai grisi. A580 haina cheni. Krenki ya injini, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala kufuata urefu wa pikipiki, hivyo nguvu inanyooka moja kwa moja kupitia giaboksi hadi kwenye shafti, fimbo ya chuma inayozunguka badala ya cheni, na inageuzwa mara moja tu, kwa gia za pembeni mwa gurudumu la nyuma. Gia hizo zimefungiwa ndani na kulowekwa kwenye oili, tope halizifikii. BMW walikuwa wakitumia mpango huu tangu R32 ya mwaka 1923, kwa hiyo Condor hawakuubuni. Walichofanya ni kuujenga ufae barabara zao.

Miaka ya 1970 Condor walilitengenezea jeshi modeli nyingine, A350, yenye silinda moja. Injini yake haikutoka Courfaivre tena. Ilinunuliwa Italia, kwa Ducati, na gurudumu la nyuma likarudi kuvutwa na cheni.