Sartre hakuwachukia watu

Mtu akigombana na shemeji au bosi wake, jioni utaona ameweka kwenye status: "Jehanamu ni watu wengine", na chini yake jina la Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa na mwandishi Mfaransa. Wanafunzi wa fasihi nao huijaza kwenye mitihani kama ushahidi kwamba udhanaishi, yaani fikra kwamba binadamu yu huru na hujiumba kwa anayoyachagua, ni falsafa ya kuchukia binadamu. Nimechoka kuikata kwa wino mwekundu.

Kwanza, anayeyasema maneno hayo ni Garcin, mhusika wa tamthilia ya Sartre iitwayo Huis clos, iliyoigizwa mara ya kwanza Paris, Mei 1944. Garcin ni mwandishi wa habari aliyekimbia vita, akakamatwa na kupigwa risasi. Huko ahera amefungiwa chumbani na wanawake wawili, Inès na Estelle, na hakuna kioo hata kimoja. Anataka jambo moja tu: Inès akiri kwamba Garcin hakuwa mwoga. Inès hakiri ng'o. Halafu, na hapa ndipo wanukuu wengi hawajafika, mlango unafunguka. Garcin hatoki! Mchukia watu angetimua mbio. Huyu anabaki kumbembeleza Inès, kwa kuwa hawezi kujiona ila kwa macho ya mwanamke huyo. Maneno yale maarufu anayatamka baadaye.

Mwaka 1965 Sartre mwenyewe alilalamika kwamba ameeleweka vibaya: uhusiano ukishapinda ndipo mwenzako anapogeuka jehanamu, kwa sababu hukumu yake imo katika kila unalolijua kuhusu nafsi yako. Tamthilia ni fupi, utaimaliza jioni moja. Isome kwanza, ndipo unukuu, na utaje mhusika.

Wengine hudai eti uhuru anaouzungumzia Sartre ni "fanya utakalo". Katika mhadhara wa Oktoba 1945 alisimulia habari za kijana aliyemwendea wakati wa vita. Kaka yake ameuawa na Wajerumani. Je, aende Uingereza kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru lililopigana na Wajerumani, au abaki na mama asiye na mwingine? Sartre alimjibu kwamba yu huru, achague. Sijui nani angeiita hiyo starehe.

Wadhanaishi wote ni wakanamungu? Mwanafalsafa Mdenmark Kierkegaard alikuwa Mkristo, na mwenzake Mfaransa Gabriel Marcel Mkatoliki. Tuzo ya Nobel ya fasihi ya 1964 Sartre hakunyimwa, aliikataa. Na Simone de Beauvoir, mwanafalsafa na mwenzi wake, hakuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1929 walikalia mtihani mmoja wa ualimu wa falsafa: Sartre wa kwanza, Beauvoir wa pili akiwa na miaka 21. Sartre alikuwa akiurudia. Mwaka uliotangulia alifeli.