"Ifute uiweke upya" na dhana nyingine zinazowamalizia watu chati za WhatsApp

Hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, sema tu WhatsApp imegoma, wa kwanza kukusikia atakupa dawa ileile: "Ifute, halafu idaunilodi tena." Kondakta anaijua, muuza vocha anaijua, mpwa wako wa kidato cha pili ndiye bingwa wake. Wapo hata mafundi wanaoitoa kabla hawajauliza tatizo ni nini. Kisha simu inaletwa mezani ikiwa na WhatsApp nyeupe kabisa, na mwenyewe anauliza lini chati zitarudi. Mara nyingi jibu ni kwamba hazirudi.

Dhana: WhatsApp ikisumbua, dawa ni kuifuta na kuiweka upya

Chati zako hazikai kwenye seva za WhatsApp. Meseji ikishafika kwenye simu yako, wao hawabaki nayo; ambayo haijafika huitunza hadi siku 30, kisha huifuta. Ukiifuta programu, umefuta chati zenyewe, labda kama kuna bakapu, yaani nakala ya akiba, Google Drive, au iCloud kwa wenye iPhone.

"Si bakapu inajifanya yenyewe?" Hapana, si kwa watu wengi wa huku. Ile ya Google Drive, usipobadilisha setingi, husubiri WiFi. Sasa mtu anayeishi kwa bando la laini, WiFi anaikutia wapi? Tena usiku anazima data bando lisiliwe. Bakapu inayofanyika kweli ni ile ya ndani, ya saa nane usiku, ambayo haihitaji intaneti. Lakini hiyo inakaa ndani ya simu hiyohiyo, kwenye folda ya programu hiyohiyo unayotaka kuifuta.

Kabla hujagusa chochote, ingia WhatsApp, Setingi, Chati, kisha sehemu ya kuhifadhi nakala ya chati. Utakuta tarehe mbili: ya bakapu ya ndani na ya Google. Ukiona ya ndani ni ya leo na ya Google haipo au ni ya mwaka juzi, acha kufuta. Angalia pia akaunti ya Google iliyoandikwa pale. Simu nyingi zilifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku ziliponunuliwa, na hakuna anayejua nywila. Bakapu iliyo kwenye akaunti usiyoweza kuifungua ni sawa na haipo. Weka akaunti yako, zima kipengele cha kujumuisha video, ruhusu itumie data ya simu, bonyeza kuhifadhi na usubiri ifike asilimia 100. Ikikwama njiani, tazama nafasi ya Google: GB 15 za bure zinagawanywa na Gmail na picha, na siku hizi bakapu ya WhatsApp nayo inahesabiwa humo.

Anayetaka uhakika zaidi aingie kwenye kidhibiti faili, Android/media/com.whatsapp/WhatsApp, anakili folda ya Databases yote kwenye memori kadi au kompyuta. Usiiache pale ukitegemea itabaki. Ukifuta programu inaweza kuondoka nayo.

Kuna la pili ambalo watoa ushauri hawalitaji: ukiiweka upya, WhatsApp itatuma kodi, yaani namba ya uthibitisho, ya tarakimu 6 kwenye namba uliyosajilia. Namba ipi? Watu wengi wamebadilisha laini, ila WhatsApp inaendelea na namba ya zamani ambayo laini yake ilishatupwa. Ilimradi hujaifuta, inafanya kazi. Siku ukiifuta, kodi inaenda kwenye namba ambayo huenda kampuni imeshampa mtu mwingine. Kama uko hivyo, leo hii nenda Setingi, Akaunti, Badili namba, uhamie kwenye laini uliyo nayo mkononi. Chati na magrupu vinakufuata.

Na wakati wa kurejesha lazima iwe namba ileile na akaunti ileile ya Google. Swali la kurejesha linakuja mara moja tu, mwanzoni. Ukibonyeza kuruka kwa haraka ya kuwahi grupu la kikoba, unaanza na chati tupu, na bakapu mpya ikifanyika inaifunika ile ya zamani. Jingine: kushusha bakapu ni kazi ya seva za Google, kwa hiyo bando la mitandao ya kijamii peke yake halitaisukuma. Nunua la intaneti la kawaida.

Sasa kwa nini dawa hii inaonekana kuponya? Kwa sababu kufuta kunaondoa picha na video zilizojaza simu, na kuweka upya kunaleta toleo jipya. Ugonjwa ulikuwa nafasi au toleo, na vyote viwili vinatibika bila kupoteza hata meseji moja. Kusasisha kupitia Play Store juu ya programu iliyopo hakufuti chati. Kuhusu nafasi, ingia Setingi, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Pale WhatsApp yenyewe imeshazitenga faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza na hizo za kusambazwa. Video za mahubiri na za vichekesho pekee zitakurudishia nafasi ya kutosha. Ukibakiza chini ya GB 1, tegemea picha kugoma kufunguka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza tazama meseji uliyotuma. Ikiwa na alama ya saa, haijatoka kwenye simu yako: shida ni intaneti yako, bando au setingi. Ikiwa na tiki moja, imeshafika kwenye seva na simu yako haina kosa. Kama ni ile alama ya saa, fungua kivinjari uingie tovuti ambayo hujawahi kuifungua, maana ile ya kila siku inaweza kujitokeza hata bila intaneti. Ikigoma nayo, washa hali ya ndege nusu dakika, uizime, uangalie salio la bando. Intaneti ikiwa nzima, kagua tarehe na saa, kisha nafasi, kisha toleo. Baada ya hapo lazimisha programu isimame na ufute kache, yaani faili za muda. Kache, si data! Vitufe viwili vinakaa jirani: cha kache hakigusi chati, cha data kinaiacha WhatsApp kama vile imetoka dukani.

Dhana: meseji zinaingia nikifungua tu WhatsApp, kwa hiyo mtandao ni mbovu

Mtandao hauna kosa. Zikiingia kwa mkupuo ukifungua, simu inailaza programu ili kuokoa chaji. Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu, ni kali sana kwa hili, na nyingi zina Phone Master inayofunga programu ikidhani inakusaidia.

Nenda setingi za simu, Programu, WhatsApp, Betri, uchague isiwekewe vizuizi. Rudi nyuma kidogo, kwenye data ya simu uruhusu matumizi ya chinichini, na kama kiokoa data kimewashwa, ipe WhatsApp ruhusa ya kupita. Kwenye Phone Master, iruhusu ijiwashe yenyewe. Ukikosa hatua moja kati ya hizo, tatizo linarudi kesho yake na utasema fundi hajui kazi. Zile programu za "kusafisha" na "kuongeza kasi" unazozidaunilodi kutoka kwenye matangazo ndizo zinazoharibu zaidi. Zitoe.

Dhana: tiki moja maana yake nimeblokiwa

Au simu yake imezima. Au data imezimwa. Au yuko bondeni Makete, au Matema kando ya ziwa, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Kublokiwa kuna dalili zinazokwenda pamoja: tiki inabaki moja siku nyingi, picha yake huioni, muda aliokuwepo mara ya mwisho huuoni, na simu ya WhatsApp haipokelewi. Hata hizo zote si ushahidi kamili, na zimetengenezwa hivyo kwa makusudi. Mpigie simu ya kawaida kabla hujamnunia.

Dhana: nikiwa Tunduma WhatsApp inaharibika

Haiharibiki. Mpakani simu inadaka mnara wa Zambia, kama vile Kasumulu inavyodaka wa Malawi. Rominga ya data, yaani ruhusa ya kutumia intaneti kwenye mtandao wa nchi nyingine, ikiwa imezimwa, mtandao unaonekana juu lakini hakuna kinachopita. Ikiwashwa, salio linaweza kuyeyuka bila taarifa. Nenda setingi za laini, ondoa kuchagua mtandao kiotomatiki, chagua kampuni yako ya Tanzania kwa mkono.

Saa nayo inawachanganya watu. Zambia na Malawi ziko saa moja nyuma yetu, kwa hiyo simu ikidaka mnara wao hujirudisha saa nzima. Mtu anakimbilia kuisogeza saa kwa mkono, na hapo ndipo anajiletea tatizo la kweli: kwa hesabu ya intaneti simu sasa ina saa ya uongo. Kinachobadilika mpakani ni ukanda wa saa. Zima ukanda wa kiotomatiki, chagua GMT+3, yaani saa za Tanzania, saa yenyewe usiiguse.

Dhana: ikisema toleo limekwisha muda, rudisha tarehe nyuma

Huo ni ujanja wa bure. Tarehe ikikosewa, miunganisho ya usalama inakataa na WhatsApp inakuambia tarehe ya simu si sahihi. Sasisha programu. Play Store ikikwambia simu yako haikubaliki, tazama toleo la Android: tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android 4.4 kurudi chini, na vitochi vyenye mfumo wa KaiOS navyo viliachwa mwaka huohuo. Hakuna fundi wa kuirudisha, na anayekuuzia faili ya toleo la zamani kwenye fleshi anakuuzia hewa.

Dhana: GB WhatsApp ndiyo nzuri zaidi

Ni WhatsApp ya kuiga, programu ya watu wasiojulikana uliyoipa chati zako, majina yako yote na maikrofoni. WhatsApp wakiigundua wanaifungia namba yako, kwanza kwa muda wenye saa inayohesabu, ukirudia moja kwa moja. Bakapu zake pia si za kutegemea kukubalika kwenye WhatsApp halisi. Sina la kuongeza.

Dhana: sambaza ujumbe huu kwa watu 10 la sivyo WhatsApp italipiwa

Ada ya dola moja kwa mwaka waliiondoa Januari 2016. Futa huo ujumbe, na usimtumie mama mkwe.

Dhana: kodi isipokuja, bonyeza tena na tena

Kila ukibonyeza, muda wa kusubiri unarefuka, mwisho unaambiwa usubiri saa kadhaa. Hakikisha umechagua Tanzania, +255, na umeondoa sifuri ya mwanzo: 7 au 6 ndiyo inayofuata. Laini iwe na mtandao na iweze kupokea SMS. Hesabu ikiisha, chagua kupigiwa simu.

Kodi hiyo haina matumizi mengine yoyote. Anayekupigia akisema "dada, nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, naomba unisomee" anasajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukishaingizwa mjini, usifungue namba mpya; sajili tena ileile, kodi itakuja kwako na yeye atatolewa. Kisha ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa utoe usivyovijua, kwa sababu vinaweza kuwa hadi vinne. Malizia na Setingi, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili: weka PIN, na weka barua pepe unayoifungua kweli. Bila barua pepe, ukiisahau PIN utakaa siku 7 nje ukisubiri.