SMG ya Kichina si AK-47 feki

Taarifa za polisi Tanzania husema "bunduki aina ya SMG", kifupi cha Kiingereza cha submachine gun. Ukivuka Namanga, magazeti ya Kenya huandika "AK-47". Ipo bunduki inayobeba majina yote mawili: Type 56 ya China. Na juu yake kuna maneno mengi yasiyo kweli.

La kwanza, na ndilo linaloniudhi zaidi, ni kwamba Wachina waliiba muundo wa AK-47 ya Kisovieti. Type 56 ilianza kutengenezwa mwaka 1956, ndiyo asili ya namba yake, wakati China na Muungano wa Kisovieti walikuwa chanda na pete. Wasovieti walitoa leseni na utaalamu. Urafiki ulipovunjika, viwanda vya China viliendelea bila Moscow, na bunduki zikasafiri: Vietnam, kwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na miaka ya 1980 kwa mujahidina wa Afghanistan, kwa fedha za Marekani.

Wengine husema haina tofauti yoyote na ya Kirusi. Itazame kwa karibu. Kidude cha kulengea shabaha kilicho mbele, juu ya mtutu, kimezungukwa na pete nzima. Kwenye ya Kirusi pete hiyo iko wazi kwa juu. Singe ya Kirusi huchomolewa, lakini Type 56 nyingi zina mwiba mrefu wa chuma uliofungwa moja kwa moja chini ya mtutu, unaokunjwa nyuma kama kisu cha mfukoni. (Zile za kitako cha kukunja kwa kawaida hazina.) Ubavuni, kwenye wenzo wa usalama, za awali zina maandishi ya Kichina, nyingi za baadaye zina herufi L na D. Asiyejua anaweza kudhani L ni "loki". Sivyo kabisa! L ni *lianfa*, yaani risasi mfululizo, na D ni *danfa*, moja moja. Kosa hilo linaweza kuua mtu.

Kwamba ni dhaifu kwa sababu ni ya bati? Za mwanzo zilichongwa kwenye chuma kizima. Bati la chuma lilikuja miaka ya 1960, na Warusi walishatangulia kufanya hivyo kwa AKM, toleo lililofuata la AK-47, mwaka 1959.

Kuna pia wanaowacheka polisi kwa kusema SMG. Ni kweli kwamba kitaalamu SMG hutumia risasi za bastola, na hii hutumia za milimita 7.62 kwa 39, ambazo si za bastola. Lakini jeshi la China lenyewe liliiweka kwenye kundi hilohilo, *chongfengqiang*. Siwezi kumcheka askari.

Jina "Type 56" peke yake nalo halitoshi. China iliipa namba hiyohiyo bunduki yake nyingine ya aina ya SKS, ya risasi 10, na hata bombomu yake ya aina ya RPD.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, makubaliano ya kudhibiti silaha ndogo, inazitaka nchi zetu ziweke alama na kumbukumbu za silaha ili zifuatiliwe zilikotoka. Nyingi za Type 56 zina pembetatu ndogo yenye 66 ndani, alama ya kiwanda, ikifuatiwa na namba ya bunduki. Taarifa ikiishia "AK-47 moja na risasi 30", pembetatu na namba vinabaki kwenye chuma, na swali la nani aliiuza kwa nani halina pa kuanzia.