Kaseti Zetu Zinakwenda Mbio: Ninavyoisikiliza Taarabu ya Mombasa

Taarabu nyingi ya Mombasa tunayoipenda hatujawahi kuisikia kwa mwendo wake. Kazi yangu ni kuhamisha kaseti za zamani kuzitia kwenye kompyuta, na kila wapenzi wenzangu wanaponirushia nyimbo walizokesha nazo, kabla sijamsikia mwimbaji nasikia mashine iliyonakili. Kaseti ya harusi imetolewa nakala Mji wa Kale, nakala ikachukuliwa Lamu ikazaa nyingine, hiyo nayo ikasafiri na mtu hadi Maskati na kurudi. Kila mkono uliopita umeacha alama yake.

Tepu ya kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mkanda wa mashine ukilegea, mwendo unapungua. Sasa, ukirekodi kwenye mashine inayokokota halafu ukaja kupiga kwenye mashine nzima, wimbo unatoka mbio na sauti inapanda. Asilimia sita tu ya mwendo ni nusu toni nzima. Mtu mzima anageuka kijana, tabla inakuwa na pupa, na sisi tunakaa barazani tukisifu "wepesi" ambao wapigaji wenyewe hawakuupiga.

Nitajuaje kama tepu inakimbia? Hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Penye kinanda cha umeme, kama katika nyimbo za Matano Juma, sina taabu, kwa sababu kinanda cha aina hiyo hupangwa sauti kiwandani na mpigaji habadilishi mpangilio huo. Sauti zake zikiangukia katikati ya noti mbili, kosa ni la tepu. Udi hautoi ushahidi huo. Mpigaji hukaza nyuzi zake kufuata koo la mwimbaji wa siku ile, basi huwezi kumshika kwa noti.

Kwa kaseti za udi natafuta mvumo wa umeme. Umeme wa Kenya ni wa hertz 50, na mara nyingi mvumo wake ulipenya kwenye tepu siku ile ile ya kurekodi, chini kabisa, mahali ambapo sikio halitaki kwenda. Nauangalia kwenye kioo cha kompyuta. Nikiukuta umesimama kwenye 52, najua tepu inakimbia kwa asilimia nne, naishusha, na ghafla mwimbaji anapata kifua. Tatizo ni pale ninapokuta mivumo miwili sambamba, mmoja wa siku ya kurekodi na mwingine wa fundi aliyenakili. Hapo mashine haina la kuniambia, narudi kwenye pumzi za mwimbaji na urefu wa mwangwi wa makofi.

Jambo la pili ni kichwa cha kaseti, na hili unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani. Pembeni mwa kile kichwa kinachosoma tepu kuna skrubu ndogo. Mwanya wa kichwa unapaswa kuikata tepu wima kabisa. Ukilala kidogo tu, sauti za juu zote zinakufa: fidla inaziba, matari yanabaki vishindo bila njuga. Chukua bisibisi nyembamba, wacha wimbo ucheze, uzungushe taratibu huku unasikiliza herufi za "s" na "sh" kinywani mwa mwimbaji. Zikifunguka, simama hapo hapo. Kaseti inayofuata itataka pake, kwani ilirekodiwa na kichwa kingine. Wengi waliokwisha kukata tamaa na kaseti za mama zao wangezipenda upya kwa robo mzunguko wa skrubu.

Kwa hiyo nikiulizwa nimependa albamu zipi, naanza na zile zilizohamishwa kwa uangalifu, ili sikio lipate kipimo. Ya kwanza ni juzuu ya pili ya mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique chini ya Werner Graebner. Imekusanya taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, enzi za santuri ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja wa santuri hiyo unabeba dakika tatu au nne tu, na unasikia jinsi wanamuziki walivyolijua hilo: bashrafu, yaani muziki wa ala wa kufungulia wimbo, hakuna au ni fupi mno, mwimbaji anaingia mapema, kiitikio hakizungushwi. Nyimbo zimebana na ni tamu ajabu.

Kisha iweke Mombasa Wedding Special ya Maulidi na kundi lake, iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1990. Hapa nafasi ipo. Mdundo wa chakacha unaachwa utembee, na ukiufuata utaelewa kwa nini harusi ya wanawake ilihitaji wimbo mrefu: wanaotuza wanatoka mmoja mmoja kwa maringo, na kila mmoja anaingojea beti yake ya kumpelekea aliyemkusudia. Ukiukata wimbo huo kwenye dakika ya nne umewakata watu njiani.

Zuhura Swaleh ndiye mwimbaji ninayerudi kwake kila mara. Jino la Pembe ya 1992 sikilizeni kwa ajili ya tashkota. Ni ala ya Kijapani iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, ina nyuzi na vitufe kama vya taipureta. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine unakwaruza nyuzi. Katika nakala mbovu inasikika kama kelele ya bati, na nimewasikia watu wakiilaumu kuwa inaharibu wimbo. Kwenye rekodi safi unasikia kila kitufe kikishuka, na jinsi ala ile inavyomjibu Zuhura mwishoni mwa kila mshororo kwa ukali ule ule alionao yeye. Kwangu hakuna sauti nyingine ya taarabu iliyo ya Mombasa zaidi ya hiyo.

Mtindo wa Mombasa, albamu ya mpiga udi Zein l'Abdin ya 1990, isikilizeni kwa spika za masikioni usiku. Sina la kuongeza, udi unajisema.

Wiki hizi nipo na mwimbaji Juma Bhalo, kwenye kaseti peke yake. Watu wanamjua kwa mahadhi yake ya Kihindi na kwa mashairi ya ndugu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, na barazani mjadala huwa ni wa fumbo: alikuwa akimsema nani? Maneno yanastahili heshima hiyo. Lakini baada ya kuishusha tepu moja hadi mwendo wake, nilichokisikia ni namna anavyoichelewesha silabi ya mwisho mpaka tabla ipite, kisha anaiweka nyuma yake kwa utulivu. Katika ile nakala ya mbio tuliyoizoea sote, kuchelewa huko hakusikiki kabisa. Atakayetaka kulinganisha, ninazo zote mbili, ya mbio na iliyorekebishwa. Na mwenye kaseti ya Bhalo iliyorekodiwa ukumbini, si nakala ya nakala, tafadhali anitafute kabla hajaipiga tena.