Chumvi ya kitunguu saumu ni chumvi: maswali ninayoulizwa kliniki ya presha, Tanga

Siku ya kliniki ya presha, kabla sijamaliza kumfunga mgonjwa wa kwanza mashine mkononi, nimeshaulizwa kuhusu kitunguu saumu. Siyo kile cha punje kinachouzwa kwa mafungu pale Mgandini. Ni kile cha kopo. Kina mama wananunua chumvi ya kitunguu saumu, wanaitia kwenye mchuzi wa samaki, kwenye mishkaki, hata kwenye wali, wakiamini wanakula dawa ya presha. Wakija kupimwa presha iko juu, na vidonge vimeachwa nyumbani. Nimelijibu hili kwa mdomo mara nyingi mno, leo naliandika.

Unga wa kitunguu saumu na chumvi ya kitunguu saumu vina tofauti gani?

Unga ni kitunguu saumu kilichokaushwa kikasagwa, basi. Chumvi ya kitunguu saumu ni chumvi ya kawaida iliyochanganywa na unga huo, mara nyingi sehemu tatu za chumvi kwa sehemu moja ya unga. Ukichota vijiko vinne, vitatu ni chumvi.

Dukani makopo yanafanana. Nitajuaje?

Mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Lenye neno "powder" ni unga, lenye neno "salt" ni chumvi. Kama macho yamechoka, mpe mjukuu akusomee. Kisha geuza kopo utazame orodha ya vilivyomo, maana huanza na kilicho kingi. Chumvi ikitajwa ya kwanza, umeshika kopo la chumvi, hata kama picha ya mbele ni ya kitunguu kitupu.

Ukiuziwa cha kupimiwa kwenye kifuko kisicho na maandishi, onja kidogo kwa ncha ya ulimi. Unga mtupu una ukali na utamu wa mbali. Hauna chumvi.

Lakini kitunguu saumu si kinashusha presha? Basi hiyo chumvi yake haidhuru.

Inadhuru. Kitunguu saumu hakifuti chumvi.

Ni kweli zipo tafiti zilizoona kitunguu saumu kikishusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Nyingi zilitumia vidonge vya kitunguu saumu vya kipimo maalumu, vikamezwa kila siku kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyepewa kopo la kutia kwenye mchuzi. Chumvi ikizidi mwilini hushika maji, maji yakiongezeka kwenye damu, damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu zaidi. Kitunguu kuwemo ndani ya kopo hilohilo hakuzuii hayo. Hakifuti chumvi, mama yangu, hata ukitia kopo zima. Tena ukitia kopo zima ndiyo umejimaliza.

Mimi nimeacha kabisa chumvi ya kawaida, natumia hii peke yake. Si nafuu?

Hujaacha chumvi. Umebadilisha kopo.

Kiasi gani kinatosha kwa siku?

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Hiyo ni chumvi yote: iliyo kwenye mkate wa asubuhi, kwenye chapati, kwenye supu ya pweza, kwenye viungo vya pakiti, na kwenye ng'onda, ambaye peke yake ameshatiwa chumvi ya kutosha na kukaushwa kabla hajafika jikoni kwako. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya kitunguu saumu kinakula zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Na ninachokiona ni mtu kutia kijiko hicho kama kiungo, kisha akatia chumvi nyingine juu yake kama kawaida.

Maelekezo ya pishi yanasema unga, nami nina chumvi yake tu. Nifanyeje?

Usipime kijiko kwa kijiko. Chakula kitakuwa chumvi tupu na kitunguu hutakisikia. Kama huna kingine, itie kidogo na usiongeze chumvi nyingine yoyote.

Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa presha, wa moyo au wa figo, mimi nasema nunueni unga, au bora zaidi punje zenyewe. Punje moja ni sawa na nusu ya robo kijiko cha chai cha unga. Unga huungua upesi kwenye mafuta ya moto ukawa mchungu, kwa hiyo utie baada ya nyanya kulainika. Punje zitwange pamoja na tangawizi na pilipili, mpake samaki, mkamulie ndimu, mwache kidogo ndipo umtie kwenye tui. Ukwaju nao unasaidia. Ulimi unaodai chumvi hutulizwa na uchachu, na baada ya wiki chache huzoea.

Nimekunywa maji ya kitunguu saumu wiki mbili na najisikia vizuri. Niache vidonge?

Hapana. Usiache. Presha haina kelele: mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 akatembea kwa miguu yake hadi kliniki, akacheka na wenzake kwenye benchi. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine, na ikisoma 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, mara kwa mara, hiyo ni presha ya kupanda. Ikiwa imeshuka kwa sababu unameza vidonge, sifa ni ya vidonge. Kitunguu kula kwenye chakula, hakuna anayekukataza, lakini vidonge endelea navyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asinywe maji ya kitunguu saumu kabla ya kumwambia daktari, kwa sababu yanaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Mzee wetu ameamka mdomo umekwenda upande na mkono hauna nguvu. Wengine wanasema ni upepo, tumpe kitunguu kilichopondwa?

Msimpe. Msimpe kitunguu, msimpe maji, msimpe hata kidonge chake cha presha. Koo lake huenda halimezi vizuri, na kitu hicho kitaingia mapafuni. Hicho ni kiharusi, na kila dakika sehemu ya ubongo inakufa. Wanaletwa kwetu siku ya tatu, wameshazungushwa kote, na dawa ambayo ingefaa saa za mwanzo haifai tena.

Mlazeni ubavu, iteni bajaji au gari lolote, mpelekeni Bombo au hospitali iliyo karibu nanyi. Aliyekuwa naye apande gari hilo, na akumbuke ni saa ngapi alimwona mzima kwa mara ya mwisho. Daktari ataanza na swali hilo.